Hukumu Baada ya Mchezo

Hapana mwalimu wa kandanda aliye hodari kama mtazamaji anayerudi nyumbani baada ya timu yake kufungwa kwa bao moja. Njiani huwa amekwisha kupanga upya wachezaji wote kumi na mmoja. Amemtoa aliyechoka, amemwingiza aliyesahauliwa, amemrudisha nyuma beki aliyepanda mbele bila ya sababu, na kabla hajafika mlangoni pake mchezo umekwisha kuchezwa mara ya pili na timu yake imeshinda. Mimi ni mpenzi wa kandanda, na nimekaa katika baraza nyingi za namna hii. Nimeona kuwa ukali wa mazungumzo hautegemei ukubwa wa msiba. Timu ikifungwa mabao matano watu husema maneno machache, wakamaliza kahawa yao, wakaenda kulala. Ikifungwa bao moja katika dakika za mwisho, usiku huwa mfupi. Sababu yake si ngumu kuiona. Shimo la mabao matano haliwezi kuzibwa na mtu mmoja wala kwa tendo moja. Lakini pengo la bao moja laonekana dogo hata neno lolote, kama lingalitamkwa kwa wakati wake, lingalitosha kuliziba. Na mwenye wajibu wa kulitamka neno lile alikuwa mwalimu.

Lugha yetu ina viambishi viwili kwa mambo ya kudhaniwa. Cha kwanza ni -nge-, ambacho wanasarufi wamekiweka kwa jambo linaloweza kuwa bado. Cha pili ni -ngali-, kilichowekwa kwa jambo ambalo wakati wake umepita na mlango wake umefungwa. Katika usemi wa kila siku watu huvichanganya, na mwalimu wa sarufi husahihisha mpaka akachoka. Lakini ukitaka kusikia -ngali- katika makao yake halisi, nenda barazani jioni ya siku ya kufungwa. Angalimtoa yule mapema, tusingalifungwa. Angalimwacha fulani kiwanjani, tungalishinda. Usemi huu una fanani mmoja tu katika maisha yetu, nao ni usemi wa matangani. Huko nako watu husema kuwa marehemu angalipelekwa hospitali mapema, angalikuwa hai. Wasemao hivyo si lazima wawe na chuki juu ya mtu. Wana huzuni, na huzuni haipendi kukaa bila ya mahali pa kuegemea. Huona afadhali kosa la mtu kuliko bahati isiyo na uso, kwa sababu mtu aweza kulaumiwa, na bahati haisikii.

Basi nataka kuuliza katika kurasa hizi swali ambalo lagusa mambo makubwa kuliko mpira: je, hukumu ya baada ya mchezo yaweza kuwa ya haki? Na kama yaweza, ni kwa masharti gani?

Nitautwaa mfano mmoja ambao nimeusoma na kuutazama katika filamu mara nyingi. Tarehe 14 Juni 1970, katika mji wa León nchini Meksiko, Uingereza ilicheza na Ujerumani Magharibi katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Mji ule umeinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mchezo ulianza saa sita ya mchana, jua likiwa utosini. Alan Mullery alifunga bao la kwanza la Uingereza katika dakika ya 31. Martin Peters akafunga la pili katika dakika ya 49. Mpaka hapo Waingereza walikuwa kama watu waliokwisha kufika bandarini. Katika dakika ya 68 Franz Beckenbauer aliwafungia Wajerumani bao moja. Mara baada ya bao lile mwalimu wa Uingereza, Alf Ramsey, alimtoa Bobby Charlton, kiungo mashuhuri kuliko wote aliokuwa nao, akamwingiza Colin Bell. Katika dakika ya 81 alimtoa Peters, akamwingiza Norman Hunter. Dakika moja baadaye Uwe Seeler alisawazisha kwa kisogo. Muda wa nyongeza ukaja, na katika dakika ya 108 Gerd Müller alifunga bao la tatu. Uingereza, mabingwa wa dunia wa wakati ule, wakarudi kwao.

Shitaka lililoandikwa juu ya Ramsey ni fupi na lajulikana mpaka leo. Lasema kuwa Beckenbauer alikuwa amefungwa na kazi ya kumchunga Charlton. Charlton alipotolewa, Beckenbauer akawa huru kupanda mbele. Naye alipopanda, mchezo ukageuka. Shitaka hili ni zuri kwa masikio. Lina mwanzo, lina sababu, na lina matokeo. Upungufu wake ni mmoja: saa hailikubali. Beckenbauer alifunga bao lake Charlton akiwa bado kiwanjani. Tendo linalotajwa kuwa sababu lilikuja baada ya tendo linalotajwa kuwa tokeo. Hata hivyo watu wengi, miongoni mwao walioutazama mchezo ule kwa macho yao, wamesimulia kwa miaka mingi kana kwamba Charlton alitolewa kwanza na bao likafuata. Siwaiti waongo. Kumbukumbu ya msiba hupangwa na moyo, na moyo hupanga mambo kwa jinsi yanavyouma, si kwa jinsi yalivyofuatana. Tukijua mwisho wa jambo hurudi nyuma tukalipanga upya, mpaka kila hatua ionekane ikielekea mwisho ule.

Tena Ramsey alikuwa na sababu. Charlton alikuwa na umri wa miaka 32, na mchezo ule ulikuwa wa 106 kwake katika kuiwakilisha nchi yake. Joto lilikuwa kali na hewa nyepesi. Nusu fainali ilikuwa ichezwe tarehe 17 Juni, yaani siku tatu tu baadaye. Uingereza ilikuwa mbele, na dakika ishirini zilikuwa zimesalia. Mwenye nyumba anayeona akiba yake yatosha kwa leo huifikiria kesho. Wala hapana anayemwita mpumbavu isipokuwa mgeni asiyetazamiwa akibisha hodi usiku. Laiti dakika zile ishirini zingalipita salama, tendo lile lile lingalisimuliwa kuwa ni mfano wa busara ya mwalimu aliyejua kuitunza nguvu ya mzee wake. Nayo yalikaribia kupita. Maana matokeo yakiwa bado 2 kwa 1, Geoff Hurst aliupiga mpira kwa kichwa ukapita kando kidogo ya mwamba. Upana wa kiganja ndio uliotenga busara na upumbavu.

Yafaa kukumbuka pia kwamba mashindano yale ya mwaka 1970 yalikuwa Kombe la Dunia la kwanza kuruhusu wachezaji wa akiba kuingia mchezo ukiendelea. Kabla ya hapo, kipenga kikishalia mwalimu alikuwa mtazamaji kama sisi, tofauti yake ikiwa mahali alipokaa. Sheria mpya ilimpa mamlaka ya kutenda, na pamoja na mamlaka ikampa lawama; kwa kuwa mtu halaumiwi kwa mlango asiokuwa na ufunguo wake. Mtazamaji wa mwaka 1966 alimlaumu mwalimu kwa uteuzi wa asubuhi. Mtazamaji wa mwaka 1970 aliweza kumlaumu kwa kila dakika.

Nimeutaja mwaka 1966, na sina budi kusimama hapo kidogo, maana ndipo pana ushahidi ulio bora. Katika mashindano ya mwaka ule, yaliyochezwa Uingereza, mshambuliaji Jimmy Greaves aliumia mguu katika mchezo wa tatu, na mahali pake pakachukuliwa na Hurst. Greaves alikuwa mfungaji mwenye sifa kubwa mno. Naye alipopona kabla ya fainali, wengi walitazamia kuwa atarudishwa. Ramsey hakumrudisha. Tarehe 30 Julai, katika uwanja wa Wembley, Hurst alifunga mabao matatu, na Uingereza ikaishinda Ujerumani Magharibi 4 kwa 2. Ukaidi wa mwalimu uliitwa ushupavu, na katika mwaka 1967 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Lakini wasifuo husahau jambo moja. Wolfgang Weber aliwasawazishia Wajerumani katika dakika ya 89, na mchezo ukaingia muda wa nyongeza mizani ikiwa sawasawa. Mizani ile ingaliinama upande wa pili, hapana shaka Greaves angalikuwa -ngali- kubwa kuliko zote katika habari za kandanda ya nchi ile, na Ramsey angaliitwa mtu aliyeiacha dhahabu sandukuni siku ya harusi.

Na mwaka 1973 tena. Tarehe 17 Oktoba, Uingereza ilihitaji kuishinda Poland kwa ajili ya kupata nafasi katika Kombe la Dunia la mwaka uliofuata. Mchezo ulikuwa wa kushambulia upande mmoja, lakini matokeo yalikuwa 1 kwa 1. Ramsey alingoja mpaka dakika mbili hivi za mwisho ndipo alipomwingiza Kevin Hector, ambaye mara tu baada ya kuingia aliupiga mpira kwa kichwa ukaokolewa kwenye mstari wa lango. Mchezo ukaisha hivyo hivyo. Na katika mwaka 1974 mwalimu yule akaondolewa kazini. Safari hii shitaka lilikuwa kwamba alichelewa kubadili. Kwa hiyo mtu mmoja alihukumiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa kubadili upesi, mara ya pili kwa kukawia. Baada ya León aliambiwa kuwa angalisubiri. Baada ya Wembley aliambiwa kuwa asingalisubiri. Huenda hukumu zote mbili zikawa na kweli ndani yake, kwani michezo miwili si mchezo mmoja. Lakini yatutia shaka kuona kuwa hukumu hugeuka kila mara kuelekea upande ambao matokeo hayakwenda.

Hapa msomaji aweza kudhani kuwa natetea walimu wote na kuwafunga watazamaji midomo. Sivyo. Methali yatuonya kuwa nahodha wengi chombo huenda mrama, lakini haikusema kuwa nahodha mmoja hakosei. Kiongozi asiyeulizwa huwa bwana, na bwana asiyeulizwa huisahau hesabu. Tena mtazamaji ana haki yake: ndiye aliyelipa kiingilio, ndiye aliyekesha, na ndiye atakayeibeba aibu kesho kazini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Naam, lakini mwenye kitanda akipiga kelele usiku kucha, jirani naye ana haki ya kuuliza kuna nini. Haja yetu si kunyamaza, bali kupambanua lawama iliyo na mizizi na lawama inayoelea.

Naona masharti matatu. La kwanza, lawama isimame juu ya yale yaliyoweza kuonekana wakati wa kutenda, si juu ya yale yaliyojulikana baadaye. Tulipime shitaka la León kwa sharti hili. Mwalimu wa Wajerumani, Helmut Schön, alimwingiza Jürgen Grabowski katika dakika ya 57. Winga huyu aliyekuwa na miguu mibichi alipambanishwa na Terry Cooper, beki wa kushoto wa Uingereza, aliyekuwa amekimbia juani tangu mchezo uanze. Grabowski alimpita tena na tena. Jambo hili lilionekana na kila mwenye macho kabla ya bao la kusawazisha, na lilionekana kutoka katika benchi la Ramsey kama lilivyoonekana jukwaani. Nafasi mbili za akiba alizokuwa nazo alizitumia kwa viungo, na Cooper akaachwa peke yake na taabu yake. Anayemlaumu Ramsey kwa hilo ana hoja, nami siwezi kuipinga kwa wepesi, kwa kuwa haihitaji kumjua mshindi ili ieleweke. Ajabu ni kuwa shitaka hili lenye nguvu hutajwa mara chache, na lile la Charlton lisilokubaliwa na saa hutajwa kila mahali. Jina kubwa huvuta lawama kama mti mrefu uvutavyo radi.

Sharti la pili ni kwamba mwenye kulaumu autaje mchezo wake mwingine pamoja na hatari zake. Mchezo ambao haukuchezwa haujafungwa hata mara moja. Ndani yake mvua hainyeshi, mguu hauteguki, na mpira haugongi mwamba. Yatupasa kuulipisha ushuru ule ule unaolipwa na mchezo wa kweli. Kama Charlton angalibaki, huenda angaliishiwa pumzi katika muda wa nyongeza, nafasi za akiba zikiwa zimekwisha. Labda isingalikuwa hivyo. Lakini hatari hiyo ilikuwapo, na asiyeihesabu hajalinganisha mambo mawili, bali amelinganisha jambo na ndoto.

Kwetu nako kuna mfano wa karibu wa sharti hili. Tarehe 28 Mei 2023, katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Yanga ilicheza na USM Alger ya Aljeria mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Wageni walitangulia, Fiston Mayele akasawazisha zikiwa zimesalia dakika chache, na kabla shangwe haijatulia wageni wakafunga la pili. Tarehe 3 Juni Yanga ilikwenda ikashinda 1 kwa 0 huko Algiers. Jumla ikawa 2 kwa 2, lakini kombe likabaki kwa Waarabu wale kwa sheria ya bao la ugenini. Nimesikia ikisemwa mara nyingi, na kwa uchungu wa kweli, kuwa timu ingalijifungia baada ya bao la Mayele, ikaridhika na sare ya 1 kwa 1, ingalikuwa bingwa. Hesabu ya maneno haya ni sahihi kabisa, na ndiyo sababu yauma. Lakini hesabu hiyo yatumia bao la Algiers, na tarehe 28 Mei bao la Algiers halikuwapo duniani. Mtu aliyekuwa kiwanjani siku ile alijua jambo moja tu: kwamba alikuwa na dakika chache nyumbani kwake, mbele ya watu wake, na kwamba safari iliyokuwa mbele ilikuwa ngumu. Kutafuta bao la pili hapo hakukuwa wazimu. Mzee mmoja wa barazani kwetu, aliyepata kuwa nahodha wa jahazi, alituambia jioni moja kuwa nahodha huulizwa juu ya upepo uliokuwapo alipotweka tanga, haulizwi juu ya upepo uliovuma alipokwisha kufika kilindini. Vijana walicheka, lakini sikupata kusikia jibu.

Sharti la tatu lahusu kipimo cha adhabu. Katika León mlinda lango wa Uingereza alikuwa Peter Bonetti. Hakutazamia kucheza; Gordon Banks, aliyekuwa mlinda lango wa kwanza, aliugua tumbo, na Bonetti akaitwa kwa ghafula. Mpira wa Beckenbauer ulipita chini ya mwili wake. Wa Seeler ukapita juu ya kichwa chake. Hakuichezea nchi yake tena. Alikuwa mlinda lango hodari wa Chelsea kwa miaka mingi, lakini kwa watu wengi jina lake lilifungwa na mchana mmoja, nalo halikufunguliwa mpaka alipofariki mwaka 2020. Hata siasa ziliingizwa: uchaguzi mkuu wa Uingereza ulifanywa tarehe 18 Juni 1970, siku nne baada ya mchezo, serikali ya Harold Wilson ikaanguka, na wakatokea watu wa kusema kuwa iliangushwa huko León. Mtu akikosea kwa kiasi cha shibiri na akaadhibiwa kwa kiasi cha maili, hukumu yake imekwisha kuwa dhuluma, hata kama kosa lilikuwa la kweli.

Nimeyaandika haya kwa kuwa wengi wa wanaozisoma kurasa hizi watakaa siku moja mahali pa Ramsey, ingawa hawatavaa viatu vya mpira. Watakuwa waganga watakaochagua kupasua au kungoja. Watakuwa mahakimu, wakuu wa shule, na wasimamizi wa mashamba watakaoamuru mbegu ipandwe kabla ya mvua kujulikana. Wataamua kwa nusu ya habari na watahukumiwa kwa habari nzima. Na wengi wao zaidi watakaa mahali petu sisi watazamaji, wakiwahukumu wengine. Pande zote mbili zahitaji adabu moja, nayo ni kuuliza kwanza: alijua nini, na alikijua lini?

-ngali- haikuwekwa katika lugha yetu bure. Mtu asiyeweza kuitamka hawezi kujifunza kutokana na jana yake, kwa kuwa hana njia ya kuiona jana nyingine kando yake. Lakini ina kazi yake na mpaka wake. Inapomwambia mwalimu kuwa beki wake wa kushoto alikuwa amechoka na hakusaidiwa, yaweza kugeuka kuwa -nge-, na baadaye kuwa amri ya mchezo ujao. Inapomwambia kuwa alipaswa kuyajua yatakayotokea, haiwezi kugeuka kuwa kitu chochote. Hubaki kuwa kilio. Na kilio kina mahali pake na heshima yake, ila kisivikwe joho la hakimu.